Maji Sikuomba, Nilipewa

Naanza na masahihisho. Maji sikuomba. Nilipewa.

Mengine yote aliyosema kipa wetu kwenye ile voisi ya dakika nne, anaposimulia yaliyonikuta uwanjani Jumamosi na kudai kwamba niliomba maji, ni kweli, au yanaelekea kwenye ukweli, na siwezi kumlaumu sana mtu anayecheka mpaka pumzi inamkatikia njiani. Ila hapo kwenye maji kanionea. Na kwa kuwa shangazi yangu wa Masasi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuangalia mpira hata nusu saa, kanipigia leo asubuhi kuuliza, "Hivi mwanangu, uko timu gani siku hizi?", nimeona bora niseme mwenyewe.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwa nini naitwa Daladala. Miaka 12 ya mpira wa kulipwa: Ligi Kuu, ile ya chini yake, na msimu mmoja wa chini ya hiyo ya chini ambao nyumbani kwangu hauzungumzwi. Timu 9. Nimekaba Songea, nimekaba Mtwara pale Nangwanda Sijaona, nimeunguza nyayo kwenye nyasi bandia za Kaitaba, Bukoba, nimetetemeka Samora, Iringa, mpaka mwamuzi akaniuliza kama naumwa. Kiungo mkabaji. Namba sita. Kazi yangu ni kupora mpira na kumpa mtu anayejua la kuufanya. Kariakoo? Nimefika sana tu, kununua viatu. Msimbazi kwa Simba nimepita, Jangwani kwa Yanga nimepita, hakuna aliyewahi kuniita hata kwa kunifananisha.

Mikataba yangu mingi ni ya miezi sita. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka. Hesabu hiyo mtanisaidia ninyi. Kuna timu moja (siitaji jina, nadai bado) iliniahidi pesa ya usajili kwa mafungu matatu. Mawili nilipata. La tatu liko njiani, nadhani linakuja kwa miguu.

Kabla hamjanicheka, mnamkumbuka Sebastián Abreu, yule Mruguay mwenye nywele ndefu? Robo fainali ya Kombe la Dunia 2010, Soccer City, Johannesburg. Gyan wa Ghana kagongesha mwamba, Afrika nzima imeshika kichwa, tumekwenda kwenye matuta, halafu huyo jamaa anakuja kupiga ya mwisho na kuudokoa mpira taratibu kama anachota sukari. Basi yule amepita klabu zaidi ya 30. Zaidi ya thelathini! Mimi nina 9 naitwa Daladala, yeye angeitwa treni ya Kigoma. Tofauti yetu ni kwamba sijasikia popote kwamba Abreu amewahi kufanya nilichokifanya mimi Jumamosi.

Haya. Jumamosi.

Tulikuwa ugenini, mji nauhifadhi, kwa timu niliyoichezea misimu miwili kabla ya kuhamia hii ya sasa. Misimu miwili kwa mtu kama mimi ni ndoa. Pale nilijua mpaka bomba la bafuni linalotoa maji na linalokoroma tu. Nilipasha moto misuli huku nasalimiwa na mama muuza karanga, mlinzi wa geti, mtoto wa mlinzi. Mwalimu wetu akanivuta pembeni: "Unawajua hawa. Leo ndiyo faida yako."

Dakika ya 60 na kitu, bila bila. Mpira unakuja kwangu taratibu, niko kwenye kona ya boksi letu, nina muda wa kunywa chai. Nyuma yangu nasikia sauti: "Daladala, achia!"

Wadau, ile sauti. Ni ya kiungo mwenzangu wa misimu miwili, ya puani, kama redio iliyoishiwa betri. Sauti hiyo iliniamsha asubuhi, iliniomba dawa ya meno, iliniambia "achia" mara elfu moja na mara zote nikaachia na mambo yakawa mazuri. Kichwa kilikuwa bado kinafikiria. Miguu ikatii. Nikauruka mpira kwa madaha kabisa, nikajipinda ili nimpishe mwenyewe, na mwenyewe akapita akaupiga chini kushoto. Moja bila. Kwao.

Hilo ndilo goli mnaloliona kwenye ile klipu. Wengi wenu mnaishia hapo mnadhani ndiyo aibu yenyewe. Goli ni ajali ya kazini. Subirini.

Mwamuzi wa akiba kanyanyua ubao. Namba 27, nyekundu. Mimi nikaanza kupiga makofi. Nampigia nani? Huyo wa 27 anayetoka, maana ni uungwana kumuaga mwenzako. Nahodha akaja akaniambia kwa upole wa kutisha, "Ni wewe." Mwaka huu mimi ni 27. Mwaka jana 16, mwaka juzi 8. Nyota wana namba zao, sisi wengine tunavaa iliyobaki sandukuni.

Sasa hapa lawama kidogo ziwaendee watunga sheria. Zamani mchezaji anayetolewa alitembea mpaka katikati, akagonga mkono na anayeingia, akajikuta mbele ya watu wake. Tangu 2019 sheria inamtaka atokee kwenye mstari ulio karibu naye. Karibu yangu palikuwa na benchi. Kichwa nimeinamisha, macho yanatazama njumu, masikio yamejaa zile kelele za "Konda, shusha! Shusha hapo hapo!" Nikavuka mstari, nikaingia benchini.

Naomba nipunguze mwendo, maana hapa ndipo kipa anapodanganya.

Niliingia bila kuinua macho. Viti ni vya plastiki, na kiti cha tatu kina ufa unaofinya paja. Nilikiruka. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Nilikikumbuka kiti, nikakiruka, nikakaa cha nne, kiti changu cha siku zote nilizosugua benchi pale. Mzee wa vifaa, Mungu ampe maisha marefu, akafanya alichokifanya kila wiki kwa misimu miwili: akanipa chupa ya maji mkononi, akanitandika taulo kichwani, akanigusa bega, "Pole mwanangu." Nikasema, "Ahsante mzee." Nikanywa. Nikajimwagia mengine kisogoni. Umeona, kipa? Nilipewa.

Nikafungua kamba za viatu. Nikavua kiatu cha kushoto, nikavua cha kulia. Nikashusha soksi, nikatoa vikinga ugoko, nikavisukuma chini ya kiti kama ninavyovisukuma kwangu. Nikanyoosha miguu. Nikajifunika taulo uso wote, nikawa gizani peke yangu na harufu ya dawa ya kuchulia.

Gizani humo nikasikia sauti ya mwalimu karibu yangu.

"Wamemtoa nani?"

Mtu akajibu, "Yule wa kati."

"Aah," mwalimu akasikitika kutoka moyoni. "Wamekosea. Yule alikuwa anatusaidia."

Na mimi, chini ya taulo, mchezaji mwenye uzoefu wa miaka 12, nikaona nichangie. Nikasema, "Kweli kabisa, mwalimu."

Kimya.

Ukikaa benchini miaka mingi unajua aina za kimya. Kuna kimya cha kufungwa, kuna kimya cha kadi nyekundu, kuna kimya cha mwalimu anayetafuta wa kumtukana. Hiki sikukijua. Nikainua pindo la taulo kidogo, nikaona miguu. Soksi za rangi ya chungwa. Nikatazama kulia: chungwa. Kushoto: chungwa, chungwa, chungwa, mpaka mwisho wa benchi, kama gulio la machungwa la Muheza. Nikazitazama zangu pale chini. Nyeupe.

Sikuinuka, na hilo ndilo ninalojilaumu. Nilirudisha taulo usoni. Nilidhani nikitulia vya kutosha labda mpira utaisha, watu wataondoka, nami nitatoka usiku.

Kipa wao wa akiba, niliyelala naye chumba kimoja msimu mzima, akaniinamia sikioni. "Kaka, umerudi? Dirisha dogo la usajili limefunguliwa lini?"

Benchi zima likaanguka kwa vicheko. Mzee wa vifaa kashika mdomo kwa mikono miwili, ndiyo kwanza kagundua naye. (Baadaye wengine waliniambia walidhani nimekuja kuwasalimia tu, wakaona adabu.) Mwalimu wao kageuka upande wa jukwaa ili asicheke mbele yangu, kumbe mabega yanaruka. Vicheko vikamleta mwamuzi wa akiba. Kijana mdogo, mstaarabu, na karatasi yake ya orodha mkononi. Akanitazama, akatazama karatasi, akanitazama.

"Samahani, wewe ni wa upande gani?"

Wadau, nitawaambia ukweli ambao hata kipa haujui. Nilinyamaza. Siyo kwa aibu. Nilikuwa natafuta jibu.

"Wa kule," nikasema mwishoni, nikinyoosha kidole.

Kutoka benchi lao hadi letu ni hatua 30, labda 35. Nilizitembea kwa soksi, viatu mkononi, mbele ya jukwaa kuu, na mpira wakati huo umetoka nje kwa hiyo hakuna kitu kingine cha kutazama. "Daladala kakosea stendi!" "Abiria chunga mzigo wako!" Mama muuza karanga alisimama kabisa, sinia kichwani. Nikafika nusu ya njia nikasikia mzee anaita, kwa sauti ya mtu ambaye taulo zake zimehesabiwa, "Mwanangu! Taulo!"

Lilikuwa shingoni.

Nikarudi. Nikalikunja vizuri, nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea huku machozi yanamtoka. Nikaanza zile hatua upya, kutoka moja.

Kwetu hakuna aliyesema neno. Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasogeza begi la madaktari ili nipate pa kukaa. Mtunza vifaa wetu akauliza kama nataka maji. Nikamwambia nimeshakunywa. Huo ndio msemo ambao sasa hivi umewekwa kwenye kila stika ya grupu la timu, na uso wangu juu yake.

Tukafungwa la pili, tukapanda basi, masaa saba njiani. Kipa alirekodi ile voisi akiwa kiti cha nyuma yangu. Nilimsikia anarekodi. Alirudia mara tatu apate vizuri, na mara ya pili nilimsahihisha dakika ya goli. Kwa mke wangu habari ilitangulia kufika kuliko mimi. Nilikuta chakula mezani, nikavuta kiti, akaniuliza, "Una uhakika hapa ni kwako?" Jumatatu mazoezini wamebandika karatasi kwenye kiti changu basini, jina la timu kwa herufi kubwa na mshale. Mwalimu hajasema lolote, ila naona ananifundisha tena majina ya wenzangu.

Mtu kaniuliza kwenye simu kama natundika daluga. Kwa nini? Nina mkataba mpaka mwezi wa sita.

Nikadhani yameisha. Jana usiku ndiyo natafuta vikinga ugoko vyangu vya bahati, vile vya tangu Songea, vyenye majina ya wanangu kwa kalamu nyeusi. Begini hamna. Kwenye basi hamna. Nikakaa kitandani nikakumbuka kile kiti cha nne, na mguu wangu ukivisukuma chini taratibu.

Nikampigia yule mzee. Kabla sijasalimia vizuri akasema, "Ninavyo, mwanangu, nimevifuta vumbi. Nikupe mtu wa basi akuletee kesho, au nikutunzie tu hapa mpaka dirisha dogo?"