Wiki kumi kwenye sinki si mafunzo

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuja nyumbani na daftari lake la fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Amemaliza wiki 10 hotelini, Jumatatu anatakiwa kulirudisha chuoni, akaniomba nimwangalizie kama limejazwa sawasawa. Nikalifungua. Wiki ya kwanza, usafi wa vyumba: vizuri sana. Wiki ya nne, huduma ya mezani: vizuri sana. Wiki ya saba, mapokezi: vizuri sana. Sahihi ile ile, kalamu ile ile, mwandiko umelalia upande ule ule tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni wazi kwamba mtu alikaa siku moja akasaini wiki zote.

Nikamuuliza, mapokezi ulikuwa na nani? Akainama. "Shangazi, mapokezi sijafika. Nilikuwa naosha vyombo. Mchana nakunja taulo."

Wiki zote kumi.

Usiku ule sikulala vizuri, na tangu siku ile nina hasira ambayo haijashuka.

Najua mameneja watakachonijibu, maana nimekisikia miaka mingi: sote tulianzia kwenye sinki. Haya, ni kweli. Kuosha vyombo nako kuna ufundi wake, na glasi yenye alama za vidole inamharibia mgeni mlo mzima kabla hajaonja chochote. Hilo nawapa. Lakini kuanzia kwenye sinki na kusahauliwa kwenye sinki ni vitu viwili. Auguste Escoffier, mpishi wa Kifaransa ambaye jina lake halikosekani darasani kwetu, aliingia jikoni kwa jamaa yake huko Nice akiwa na miaka 13. Alianzia chini kama mwanafunzi yeyote. Ila tazameni mpangilio wa jiko tunaomkumbuka kwao: huyu anashika michuzi, yule samaki, mwingine vitu vitamu, na kila kituo kina mkubwa wake. Mwanagenzi anawekwa chini ya huyo mkubwa, anatazama, anakosea, anasahihishwa, akiiva anasogezwa kituo kingine. Mpwa wangu hakuwa chini ya mtu yeyote. Alikuwa chini ya rundo la sahani.

Nieleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mimi nilianzia vyumbani. Wiki yangu ya pili nilikuta choo chenye ukoko mgumu. Nikamwaga ile dawa yenye asidi, nikaona haing'oi, nikaongeza na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikidhani mbili zitafanya kazi kuliko moja. Bafu lenyewe halikuwa na dirisha. Msimamizi wangu, mama mmoja wa makamo, alisikia ninavyokohoa tangu kwenye korido. Alinishika mkono akanitoa nje, akaniketisha sakafuni, akaenda kufungua madirisha yote ya chumba. Hakunifokea. Niliporudiwa na pumzi alileta chupa zote mbili akaniwekea mapajani, akanisomesha lebo kwa sauti, akanieleza kwamba asidi ikikutana na dawa ile inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma mapafu.

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna daftari lililomlazimisha kukifanya. Kila asubuhi ya wiki ile alisafisha nami vyumba vinne vya kwanza. Alinifundisha kubisha, kujitaja, kusubiri, kubisha tena. Kitanda kwanza, kwa sababu ukikung'uta shuka baada ya kufuta meza umejipa kazi mara mbili. Futa kutoka juu kushuka chini. Kitambaa cha choo kina rangi yake na hakitoki chooni, hata ukiwa na haraka kiasi gani, na glasi ya mgeni haiguswi na kitambaa kilichopita kwenye sinki la bafuni. Kabla ya kutandika, inua kona ya godoro utazame mshono kama kuna kunguni. Karatasi iliyo mezani si takataka hata ikiwa imekunjwakunjwa. Takataka ni kilicho ndani ya pipa. Kona ya shuka aliniwekea mkono wangu chini ya wake, tukaikunja pamoja, mara tano, mara sita, hadi vidole vikaelewa vyenyewe.

Hayo darasani niliyaandika yote. Mtihani niliufaulu. Na bado nilichanganya zile dawa.

Ndiyo maana nilimuuliza binti yetu: kuna mtu aliyekuonyesha lebo za dawa? Hapana. Jikoni je? Hapo akachangamka akanikaririshia kama alivyofundishwa, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema: chakula baridi kikae chini ya nyuzi 5, cha moto juu ya nyuzi 60, kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Nikafurahi. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama umeshakishika? Hajawahi. Wiki kumi alisimama hatua chache kutoka kwenye jiko la watu wanaokitumia kila siku, na hakuna aliyemwita aje aone.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya hoteli. Mkufunzi wake alikuja mara moja, akaongea na meneja ofisini, akaondoka. Hakumwona mwanafunzi wake akibeba trei wala akitandika kitanda. Sasa alama atakazompa anazitoa wapi?

Kuna na hili la kulipia nafasi ya fildi, ambalo watu wanalisema kwa kunong'ona. Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na migahawa, unapiga marufuku kuuza na kununua ajira. Najua, fildi si ajira. Lakini ukimtoza kijana fedha ili aje akuoshee vyombo bure, sioni umbali mkubwa kati ya hayo mawili.



Ninachodai si kikubwa. Kila mwanafunzi apewe mtu mmoja hotelini anayejulikana kwa jina, wa kumwonyesha na wa kuulizwa. Abadilishwe idara, na tarehe za kubadilishwa zijulikane kabla hajafika, ili msimu wa wageni wengi usiwe sababu ya kumfungia nyuma. Mkufunzi akija aombe chumba kimoja kichafu, asimame mlangoni, atazame kazi ikifanywa mwanzo hadi mwisho. Ni dakika thelathini au arobaini. Naelewa kwamba hoteli nyingi zina wafanyakazi wachache na msimamizi hana hata muda wa kula. Basi zipokee wanafunzi wawili badala ya kumi na wawili.

Nimemwambia Jumamosi aje kwangu asubuhi, tuvue mashuka ya vitanda vyote na tuanze na kona. Dawa zote za kusafishia nimeshazipanga mezani, lebo zikitazama mbele.

Mwisho wa daftari kuna ukurasa wa maoni ya mwanafunzi, ulikuwa mweupe. Nilimsihi aandike alichofanya kwa kweli, vyombo na taulo, wiki 10. Aliniuliza kama watamfelisha. Nikamwambia kama ni hivyo nitakwenda chuoni naye. Alikaa kimya kidogo, akavuta kiti, akaandika mistari minne. Kwa penseli.