Usiniulize nilipataje

Ninaishi na VVU na sifichi. Ninapomwambia mtu, mara nyingi swali la kwanza ni hilo: "Ulipataje?" Siku hizi silijibu, ingawa najua wengi wanaoliuliza hawana nia mbaya.

Kwa matibabu, jibu hilo halibadilishi kitu. Hakuna kidonge cha aliyezaliwa na virusi na kingine cha aliyevipata ukubwani. Muulizaji anataka kujua anipe huruma kiasi gani. Ukisema ulizaliwa navyo, unapewa pole ya dhati. Ukisema ni mwenza wako alitoka nje ya ndoa, pole ipo bado. Ukisema ulikuwa na wapenzi kadhaa, macho yanahamia kwingine. Sisi wenyewe tumeizoea mizani hiyo, ndiyo maana wenzangu wengi huanza ushuhuda wao kwa "mimi nilikuwa mwaminifu". Nawaelewa kabisa. Lakini kila tunapojisafisha hivyo, lawama zote zinamwangukia yule asiye na kisa cha kumwokoa.

Desemba 1998, huko KwaMashu karibu na Durban, Afrika Kusini, Gugu Dlamini alipigwa hadi kufa baada ya kusema hadharani kwamba ana VVU. Julai 2000, katika Durban hiyo hiyo, mtoto wa miaka 11 aitwaye Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi, alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI akaomba watu kama yeye wapokewe kama binadamu wengine. Dunia ilimlilia. Virusi ni vile vile. Na hata yeye, ambaye hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lolote, mwaka 1997 kuandikishwa kwake shule kulizua ubishi mkubwa. Kumbe hata kutokuwa na hatia hakukingi.

Aibu hii inaumiza mwili pia, na hapa nazungumzia kopo la dawa. Vidonge vya ARV vikiwa ndani ya kopo vinagonga, na wengi tunaijua sauti hiyo hata mkoba ukiwa umefungwa. Kwa hiyo mtu anabandua lebo, anajaza pamba juu ya vidonge visisikike, au anavihamishia kwenye kopo la vitamini. Wakija wageni wakalala, kopo halitolewi. Dozi moja inapita, kesho nyingine. Ikiwa hivyo mara kwa mara, virusi vinapata nafasi ya kuzaliana tena na hata kuwa sugu kwa dawa, wakati dawa yenyewe ipo ndani, mita chache tu kutoka kitandani.

Anayemeza dawa bila kuficha ana nafasi kubwa zaidi ya kuvishusha virusi hadi visionekane kwenye kipimo. Virusi vikibaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER ulifuatilia wapenzi katika nchi 14 za Ulaya ambao mmoja wao alikuwa na VVU na hawakutumia kondomu kila mara. Matokeo yake yalitolewa 2016 na 2019: hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa.

Simshinikizi mtu ajitangaze. Habari ya Gugu inatosha kuonyesha kwamba kila mtu ajue kwanza usalama wake, na siri ya mtu ni yake.

Ila wewe unayeuliza nilipataje, nadhani mara nyingi unajipima. Unasubiri kisa kisichofanana na maisha yako ili uondoke umetulia, na ukishatulia huendi kupima. Niulize basi kama dawa zinanikubali. Niulize kipimo kikoje: ni tone la damu kidoleni, na majibu ya awali hutoka ndani ya nusu saa. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie siku, nitakusindikiza.