Hadithi za kisayansi ni za kusimuliwa kibarazani

Hapa Moshi ukitaja hadithi za kubuni za kisayansi, wengi wanafikiria filamu za maroboti na milipuko, au wanadhani ni mambo ya waliosoma fizikia. Mimi naamini ni hadithi kama zile za bibi, na mahali pake ni kibarazani baada ya chakula cha usiku. Si ndiyo maana tulifundishwa kuitikia "uongo njoo, utamu kolea"? Uongo wa waandishi hawa umekolea sawasawa.

Nasema hasa zile fupi za zamani, zilizoandikwa kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Mkusanyo ninaoupenda ni The Science Fiction Hall of Fame, uliohaririwa na Robert Silverberg na kutoka mwaka 1970. Una hadithi 26 za kati ya 1929 na 1964, zilizopigiwa kura na waandishi wenyewe kupitia chama chao huko Marekani. Kiingereza chake si cha kila mtu, na ndiyo sababu siishii kuazimisha kitabu. Nazisimulia kwa Kiswahili.

Isaac Asimov aliandika "Nightfall" mwaka 1941 akiwa na miaka 21. Kuna sayari yenye majua sita. Moja likizama jingine liko juu, kwa hiyo watu wake hawaujui usiku. Giza huja mara moja tu kila baada ya miaka 2,049, na likija, nyota 30,000 hutokeza kwa mpigo. Watu wanarukwa na akili. Niliwasimulia wapwa zangu usiku umeme ulipokatika. Mmoja, aliyekulia Kibosho, ambako kwenda kwa jirani usiku ni kupita migombani bila taa, alikataa katakata: mtu mzima ataogopaje nyota? Mwenzake akamjibu, "Wewe umezaliwa ukazikuta." Walibishana mpaka umeme uliporudi, na hakuna aliyekimbilia televisheni.

Iliyozua ubishi mkubwa zaidi ni "The Cold Equations" ya Tom Godwin, ya mwaka 1954. Rubani anawapelekea dawa wagonjwa katika sayari ya mbali, kwa chombo kidogo kilichopimiwa mafuta ya kumfikisha yeye na mzigo wake tu. Njiani anagundua kuna msichana wa miaka 18 amejificha ndani, anataka kumwona kaka yake. Uzito umezidi. Akibaki humo, chombo kitaanguka, na wagonjwa hawatapata dawa. Jirani yangu, dereva wa lori, alisikiliza mpaka mwisho kisha akakasirika kwelikweli. Gari gani linatoka bila akiba ya mafuta? Na chombo cha hatari namna hiyo kinalindwaje kwa kibao cha kukataza tu? Kwake yeye, anayepaswa kushtakiwa ni aliyepanga safari.

Wahakiki huko Marekani wamesema hayohayo kwa miaka, naye hajasoma hata mmoja wao. Nikamweleza kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa akitafuta njia za kumwokoa yule binti, na mhariri wake, John W. Campbell, akawa anamrudishia muswada. "Basi huyo mhariri ndiye mwenye kosa," akasema. Mimi bado naitetea. Kama kungekuwa na akiba ya mafuta, tusingekaa na wale wawili tukisikiliza binti akiandika barua kwa wazazi wake. Dereva naye hajalegeza.

Arthur C. Clarke ana moja ya mwaka 1953 ambamo watawa wa Tibet wanakodi kompyuta iwaandikie majina yote ya Mungu, kazi ya miaka 15,000 ifanyike kwa siku 100. Mzee mmoja wa Majengo, tasbihi mkononi, aliniambia majina tuliyojulishwa ni 99, mengine amebaki nayo Mwenyewe, na anayetaka kuyamaliza kwa mashine ana haraka ya nini? Mzee alisema hivyo kabla sijafika mwisho wa hadithi. Sitausema hapa.

Ninayoipenda kupita zote ni "Flowers for Algernon" ya Daniel Keyes. Naichagua ile fupi ya 1959, iliyopata tuzo ya Hugo, kuliko riwaya aliyoitoa baadaye, maana fupi haikupi nafasi ya kupumua. Charlie Gordon ni mfagizi kiwandani, mwenye akili nzito, anayetamani sana kujua kusoma na kuandika vizuri. Anafanyiwa upasuaji uliokwisha kufaulu kwa panya aitwaye Algernon. Akili yake inapanda mpaka anawapita madaktari waliompasua. Kisha yule panya anaanza kudhoofika.

Kitabuni mabadiliko hayo unayaona kwenye tahajia, kwa sababu yote ni maandishi ya Charlie mwenyewe. Kibarazani tahajia haionekani. Kwa hiyo mwanzoni namsemesha kwa sentensi fupifupi, neno akilirudia. Katikati nampa Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Mwishoni nazirudisha zile sentensi za mwanzo, mojamoja. Hapo watu hugutuka. Shangazi yangu alilia, akamtaja kijana mmoja wa sokoni ambaye watu humcheka, naye hucheka pamoja nao akidhani ni rafiki zake. Charlie alikuwa hivyohivyo kule kiwandani.

Mkusanyo huu una pengo, na naliona. Wanawake ni wawili tu: Judith Merril, na C. L. Moore aliyeandika na mumewe kwa jina la Lewis Padgett. Afrika haimo. Lakini mwaka 1951 Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake wanatumwa pande sita kutafuta maarifa na wakirudi wanafungwa. Naichanganya na hizo za Marekani, na wasikilizaji wanaipokea kama ndugu yao.

Inayofuata kwetu ni ya C. M. Kornbluth, ya mkoba wa daktari kutoka wakati ujao unaomwangukia daktari mlevi. Jirani yetu muuguzi ameahidi kuja, na nina hamu ya kusikia atasemaje kuhusu vifaa vinavyotibu karibu vyenyewe, vikiwa mikononi mwa mtu aliyefukuzwa kazi.