Steringi Hafi: Filamu za Wanamichezo Wanyonge na Uji Usioonekana

Kwenye vibanda umiza vya Mwanza, vile vya kuonyeshea filamu, kuna sheria moja ambayo mtoto anaijua kabla hajalipa kiingilio: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Atapigwa, atadharauliwa, atafukuzwa timu, lakini kengele ya mwisho ikilia watu watasimama kumshangilia. Filamu za michezo zinaishi kwa sheria hii kuliko hata zile za kivita. Ndiyo maana wapo makocha wa timu za mitaani wanaozitumia kuamsha vijana, na wapo wanaosema zinawapotosha. Kila upande una haki yake, ila wanatazama sehemu tofauti za filamu hiyohiyo.

Wanaolalamika wanatazama zile dakika chache za muziki katikati. Mfano wa wote ni Rocky ya mwaka 1976. Bondia anapanda ngazi 72 za jumba la sanaa la Philadelphia, mara ya kwanza anafika juu hoi, ameshika mbavu. Muziki unapigwa, anakimbia, anapiga ngumi nyama kwenye bucha, na ghafla yuko juu ya ngazi zilezile akirukaruka. Mtafsiri wa kibandani naye hanyamazi hapo, anapachika maneno ya hamasa ambayo kwenye filamu hayamo kabisa. Kijana anatoka na hesabu moja: ukijitesa kidogo tu, mwili unakubali.

Na Mwanza haina upungufu wa vilima. Kijana aliyezoea kukimbia tambarare mara tatu kwa wiki anaanza kupanda Bugando kila alfajiri. Wiki ya pili ugoko unauma, wiki ya tatu kano ya kisigino imevimba. Sababu ni kwamba moyo na mapafu huzoea mzigo mpya ndani ya wiki chache, wakati kano na mifupa vinahitaji miezi. Kwa hiyo anajisikia ana nguvu ilhali miguu bado haijawa tayari. Kwa anayeanza, kilima mara moja kwa wiki kinatosha: apande mara nne, kila mpando kama sekunde 30, ashuke akitembea (kushuka mbio ndiko kunakoumiza magoti zaidi), kisha aongeze mpando mmoja wiki inayofuata. Yale mayai matano mabichi anayokunywa bondia asubuhi nayo ni hasara tupu. Yai bichi huupa mwili karibu nusu tu ya protini yake, la kuchemsha hutoa karibu asilimia 90, tena bila hatari ya kuharisha siku ya mechi.

Jambo ambalo walalamikaji hulisahau ni kwamba Rocky anashindwa. Lengo lake lilikuwa amalize raundi 15 akiwa bado amesimama, na amemaliza, lakini majaji wamegawanyika na mkanda umebaki kwa bingwa. Hapo filamu imesema ukweli kuliko nyingi zilizoiga.

Malalamiko ya pili yana uzito zaidi kwangu: filamu hizi zinahitaji adui, na zikimkosa zinamtengeneza. Dangal ya mwaka 2016 inatokana na maisha ya Geeta Phogat, aliyechukua dhahabu ya mieleka kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi mwaka 2010. Katika filamu, kocha wa taifa ana wivu kiasi kwamba siku ya fainali baba wa binti anafungiwa chumbani. Jambo hilo halikutokea. Cool Runnings ya mwaka 1993, kuhusu timu ya Jamaika ya mbio za sleji kwenye barafu katika Olimpiki ya majira ya baridi, nayo inawafanya Wajamaika kuwa wakimbiaji walioanguka kwenye mchujo na kuchekwa na mataifa mengine, ilhali timu ya kweli ya mwaka 1988 ilitegemea wanajeshi. Sleji yao ilipopinduka hawakuibeba mabegani kama tunavyoona, walitembea pembeni yake hadi chini. Kijana anayekua na hadithi za namna hii hujifunza kumsoma kila kiongozi wa chama cha michezo kama adui wa steringi. Wapo wanaostahili, lakini akinyimwa namba kwa sababu kasi haitoshi, atasema amefanyiwa fitina.

Sasa tuje upande wa pili, na hapa hatuhitaji kwenda mbali, tuvuke ziwa tu. Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, ni habari ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, na mchezo wa chesi. Watoto wanaofika kwa kocha Robert Katende wanapewa uji. Kikombe hicho, kwa maoni yangu, kina thamani kuliko medali zote za filamu hiyo, kwa sababu kinajibu swali ambalo nyingine zinalikimbia: nani analipa? Kodi ya nyumba inaonekana, mafuta ya taa yanayoisha usiku binti akijisomea yanaonekana, mama anayeogopa mwanawe apewe ndoto asiyoiweza anaonekana. Phiona anapelekwa Urusi, anashindwa mchezoni, anarudi nyumbani kule kule. Katika maisha ya kweli cheo chake cha kimataifa alikipata baada ya mashindano ya Istanbul, mwaka 2012.

Piga hesabu ya huo uji. Watoto 25, kila mmoja robo lita, ni lita sita na kidogo: karibu kilo moja ya unga kwa siku. Mazoezi mara tatu kwa wiki kwa miezi minne ni siku 48, yaani karibu kilo 50 za unga, bila sukari, kuni wala mtu wa kukoroga. Kwenye filamu ya kawaida muda wote huo ungekuwa mpigo mmoja wa ngoma. Dangal, pamoja na uongo wake wa chumbani, ina sifa hiyohiyo: baba anahangaika kupata mkeka wa mieleka, anaishia kutandika magodoro, na anakaa na muuza kuku kupatana bei ya nyama ya mabinti. Kwa mzazi wa Kisesa au Buhongwa anayesita kumruhusu binti acheze mpira, ile meza ya muuza kuku inaeleweka haraka kuliko hotuba.

Soka letu lina hadithi ya namna hii. Pamba, klabu ya hapa Mwanza, ilicheza Kombe la Washindi Afrika, ikaporomoka, na iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Mtunzi wa filamu angetafuta hotuba ya kocha kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Jina lenyewe linamkatalia: sasa ni Pamba Jiji, na hilo neno la pili, yaani halmashauri ya jiji, ni bajeti.

Kocha anayetaka kuwaonyesha vijana aangalie saa kwanza. Dangal ina dakika 161, Queen of Katwe 124. Ya kwanza igawe siku mbili. Usionyeshe usiku wa kuamkia mechi, kwani damu inachemka, usingizi unakata, na asubuhi wanacheza kwa pupa hadi pumzi inaisha kabla ya mapumziko. Wiki ya kwanza ya msimu inafaa. Muziki wa mazoezi ukianza, simamisha picha, uliza: hapa zimepita wiki ngapi, na wamekula nini? Majibu ya kwanza huwa ya kubahatisha, acha wabishane.

Anayetaka kutengeneza filamu yake hapa kwetu asianze na soka. Wachezaji 22 kwenye uwanja mpana hawakai kwenye fremu moja, na mwigizaji asiyejua mpira anajulikana kwa mguso wa kwanza. Ngumi ni rahisi kwa sababu ni watu wawili kwenye kamba nne. Mbio za mitumbwi ni rahisi zaidi: wapiga kasia wamekaa mstari mmoja, mwisho unaonekana, na anayekosa mdundo anaonekana hata na asiyejua mchezo. Ila apige picha kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi, jua la mchana hapa linasimama utosini na nyuso zinageuka vivuli. Na asianzie kwenye filimbi. Aanzie ufukweni siku kadhaa nyuma, fundi akisukumia pamba kati ya mbao kwa patasi na nyundo, akitia kalafati mtumbwi ambao bado hajalipwa.