Harufu kali ya bwawa si usafi

Nimemsikia mtunza bwawa akimtuliza mama ambaye mwanawe katoka majini anafikicha macho mekundu: "Usijali mama, hiyo ni dawa inafanya kazi." Maneno hayo yamenikera mpaka leo.

Dawa inayofanya kazi sawasawa hainuki hivyo. Harufu inayokupokea kabla hujafika majini ni ya kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Hiyo ndiyo inayochoma macho. Pima klorini jumla, yaani yote iliyomo majini, kisha katika hesabu utoe klorini huru, ile ambayo bado haijakutana na uchafu. Kinachobaki ndicho kloramini, na kikizidi miligramu 0.4 kwa lita, maji hayo yanahitaji kushughulikiwa.

Lakini kinachopuuzwa kuliko vyote ni pH, kipimo cha uasidi wa maji. Watu wanamwaga klorini bila kuuliza pH imesimama wapi! Katika maji yasiyo na kiimarishaji, yaani kemikali ya kuilinda klorini na jua, pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huru iko katika umbo lile lenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 8, inabaki takriban robo. Klorini ni ile ile, gharama ni ile ile, ila kinga imekatika nusu na maji bado yanang'aa. Rekebisha pH kwanza, iwe kati ya 7.2 na 7.8, ndipo uhangaike na klorini. Ualkalini, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, ukiwa chini, pH itayumba kila mara, basi anza na huo. Na asidi ya kushushia pH usiikutanishe kamwe na klorini: gesi yake inaua.

Karatasi za kupimia nazikubali shingo upande, kwa ukaguzi wa haraka tu. Kwa kipimo cha kutegemewa chota maji kina cha kiwiko, mbali na matundu yanayoingiza maji, utumie DPD, kemikali ya kupimia inayogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Hata hiyo ina hatari yake: klorini ikizidi mno, rangi ya waridi hupauka na kipimo kikaonekana sifuri. Asiyejua anaongeza tena, juu ya maji yenye klorini tele, kisha anaruhusu watoto waingie. Ukishuku hivyo, zimua sampuli kwa maji yasiyo na klorini, upime upya.

Mzazi ana haki ya kuuliza: klorini huru ngapi, pH ngapi, imepimwa saa ngapi? Asiye na majibu, mwanangu haingii kwenye bwawa lake.