Fundo Moja, Mafundo Mawili

Ukitaka kumjua fundi wa redio za ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mtazame mkono. Umechubuka kuanzia vidole hadi kiwiko. Nyuma ya dashibodi ya ndege ndogo kama Cessna 206 kichwa hakiingii. Unalala chali, miguu juu ya kiti, kisogo kwenye pedali, unapenyeza mkono mmoja, na vidole ndiyo macho.

Siku hiyo tulikuwa tunafunga redio mpya. Waya za antena zote unene mmoja, vichwa vyote vya kusukuma na kuzungusha. Nilikuwa nimezifunga uzi wa nta: redio ya kwanza fundo moja, ya pili mawili, ya navigesheni matatu. Ya transponda, kile chombo kinachoijibu rada ya ardhini, nikaiacha laini, bila fundo. Kisha nikaenda kunywa chai.

Niliporudi mambo yalianza vizuri. Fundo moja, kach! Mawili, kach! Matatu, kach! Sasa natafuta ile laini. Napapasa, nakuta mafundo manne.

Manne?

Nikahesabu tena. Manne. Nikapuliza vidole, labda vimekufa ganzi. Manne. Nikapapasa chini zaidi, na alhamdulillahi, hii hapa, laini, unene uleule. Nikaivuta. Ikakataa. Nikaivuta kwa nguvu za ugali wa jana.

"Wee! Wee! Sikio langu!"

Kumbe Kepteni alikuwa ameshaketi kiti cha pili, hedifoni kichwani, anangoja kuijaribu redio. Hedifoni ikamtoka, ikanitua puani.

"Samahani, Kepteni."

"Hiyo pia unaifunga kwenye antena?"

Nikamwita kijana wetu wa mafunzo, mtoto mwenye adabu, hakai kabla hujakaa. "Kijana, kuna mtu alizigusa hizi waya?"

"Ni mimi, fundi. Niliona mafundo yanalegea, nikaongeza moja kwa kila waya. Na kuna moja ulikuwa umeisahau kabisa, nayo nikaifunga."

Ndipo nikapiga hesabu. Laini imekuwa moja, moja imekuwa mawili, kila waya imehamia kwa jirani. Redio ya kwanza nimeipa antena ya transponda, kile kijiti kifupi tumboni mwa ndege, kilichotengenezewa megahezi 1,090, wakati redio yenyewe inazungumza kati ya 118 na 137. Hapo mnara wa kuongozea ndege unaouona kwa macho huenda ukakusikia. Ukishavuka Ngong, ongea na mbuzi.

Nikajikokota nje kumweleza Kepteni, ambaye alikuwa anasugua sikio na kutazama saa. Nikamwambia si neno, kwa kuwa sasa nimejua kosa lilipo: kila waya natoa fundo moja tu akilini, nahamisha, tumemaliza. Hesabu ya darasa la kwanza.

Nyuma yangu nikasikia kwachu. Kwachu, kwachu, kwachu.

Nilipogeuka niliona miguu miwili juu ya kiti, na sauti ikatoka chini ya dashibodi, imejaa furaha:

"Usijali, fundi! Nimeyakata yote. Sasa zote ni laini!"