Besi, maombi na ile taa ya njano

Mi dereva bajaji, kijiwe changu Mwanjelwa, na hii stori naileta mwenyewe kabla fundi hajaimaliza kuisambaza maana ameshaanza.

Bajaji yangu ni ya injekta. Wenzangu wa kabureta ikigoma wanafungua jeti wanapuliza kwa mdomo safari inaendelea, yangu ina kompyuta, ina sensa, ina taa ya njano yenye kamchoro ka injini pale kwenye dashibodi. Bosi siku ananikabidhi alisema neno moja tu, "waya usiguse". Sasa mi nikafunga sabufa. Na ampilifaya. Na taa za rangi chini ya siti ambazo mchana hazionekani ila moyoni najua zipo. Nilifunga mwenyewe usiku kwa tochi ya simu, waya wa aethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, nikaubana kwenye bolti ileile ya aethi ya injini, besi ikapiga mpaka kioo cha mbele kikatetemeka, nikaenda kulala nikiwa tajiri.

Wiki haijaisha taa ya njano hiyooo. Kijiweni kila mtu daktari. Wa kwanza akasema plagi, nikanunua plagi. Wa pili akasema petroli ya madumu, wakati mi najaza sheli. Wa tatu ndo nikamwamini kwa sababu hakutaka hela, akasema hiyo taa ya kutishana tu, bandika tepu nyeusi. Nikabandika na kweli haikuwaka tena.

Jumamosi moja mwezi wa 6, baridi ile ya Mbeya ya masweta mawili, akaja mama mmoja mlokole na kijana wa dada yake wamebeba keki ya ghorofa tatu, wanataka spesho mpaka Isyonje kwenye sendofu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukakubaliana elfu 25. Nikamuwekea kwaya maana mi mtu wa huduma, ila nikaiweka na besi.

Mpaka Uyole freshi. Tukakata njia ya Tukuyu, tukapita Igawilo, mlima ukaanza, kwaya nayo ikafika pale kwenye kiitikio, bajaji ikafanya fyuuu ikakosa nguvu. Haijazima, inanguruma kabisa, ila nakamua mkono wote inaenda kama inasindikiza jeneza. Katoto kanakimbiza tairi na kijiti kakatupita, kakafika mbele kakatusubiri tufike ili katupite tena. Nyuma lori la Malawi linapiga honi mpaka keki inatikisika. Nikapaki pembeni.

Nikabandua tepu. Taa inakonyeza. Yule kijana akasema kaka hizo ni kodi, yaani namba za kutaja ubovu, mwako mrefu ni kumi, mfupi ni moja, tuhesabu. Tukahesabu watatu, yeye akapata 12, mi nikapata 9, mama akapata 7 akasema ni namba ya ukamilifu. Hata tungepatana ingesaidia nini, kila kampuni ina namba zake na kitabu kiko kwa bosi, na bosi ndo mtu wa mwisho duniani nilietaka kumpigia siku hio.

"Mwanangu, zima hilo limziki tuombe."

Nikazima mziki, nikazima na swichi. Mkono mmoja juu ya dashibodi, mwingine kaushikilia ubavu wa keki, akaomba dakika kumi nzima, mpaka matairi yakatajwa. Amina. Nikawasha, taa hamna, nguvu imerudi yote, tukaupanda mlima kama tumeiba. Mi kwa furaha nikarudisha kwaya.

Fyuuu.

"Umeona? Umemkaribisha tena."

"Mama, hii si ndo kwaya yenu?"

"Shetani naye anaimba sauti ya tatu."

Maombi raundi ya pili, bajaji ikapona tena. Raundi hii redio sikuigusa, sio kwamba nilielewa, niliogopa. Isyonje tukafika, keki ghorofa ya juu imeegemea mtaa wa pili kama mlevi, mama akaniambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akanipa elfu 22, elfu 3 kakata sadaka.

Kurudi nikasimama Uyole kwa fundi umeme mmoja hivi kijana mpole. Akachomeka mita kwenye betri, injini inawaka, inasoma volti 13.9. Akasema washa mziki. Jamani. Ikashuka 11 na kitu, na kila besi ikipiga ile namba inachezacheza, yaani mita inacheza kwaya. Alafu akaenda kwenye ile bolti yangu ya aethi akaizungusha kwa vidole. Vidole viwili, spana hajaigusa.

Akanieleza taratibu kama mwanafunzi wa chekechea. Pampu ya mafuta kwenye hizi ni ya umeme, injekta ya umeme, sensa zote zinategemea aethi moja safi. Umeme ukishuka pampu inasukuma kivivu, sensa zinaleta taarifa za uongo, kompyuta inashtuka inawasha taa na inabana nguvu makusudi ili usiue injini, uchechemee ufike. Ndo wanaita limpu modi. Ukizima ukatulia kidogo bila huo mzigo wa sabufa, inaanza upya na akili zake.

"Kwa hiyo maombi?"

"Maombi yalizima redio."

Akasugua bolti kwa msasa, akakaza, ampilifaya ikatoka, elfu 8. Ningeishia hapo ningekuwa nimepona.

Jumapili mama akapiga simu, nimpeleke ibadani hapo Uyole na nisiondoke. Nikakaa siti ya nyuma kabisa. Akasimama kutoa ushuhuda, chombo kilichokuwa na pepo la jicho la njano, likakemewa mara mbili mlimani, "na dereva mwenyewe huyu hapa, simama mwanangu useme kama naongopa!"

Nikasimama. Kanisa zima limegeuka. Nimefungua mdomo niseme amina, macho yakaangukia kwenye vyombo vya mziki kule mbele, na pale kwenye gitaa la besi kakaa nani, fundi wangu wa umeme, kavaa tai.

Kaniangalia vizuri, akapiga noti moja tu.

Duuum.